Saini ya Ntabaza

Jumanne saa nane mchana, kamati ya utayari ya kituo kidogo cha kutibu uraibu pale Kamembe ilikaa kwa mara ya kumi na moja. Ndani ya friji kulikuwa na dozi ishirini za chanjo ya homa ya ini, na Ijumaa zingeharibika. Friji lisingefunguliwa mpaka fomu ya maswali arobaini ithibitishe kwamba kituo kiko tayari, na mkurugenzi, Vénuste, alikuwa mtu wa fomu. Maswali thelathini na tisa yalikwisha kujibiwa. Lililobaki lilitaka saini ya mwakilishi wa wagonjwa.

Mwakilishi huyo alikuwa Ntabaza, mchukuzi wa mizigo mpakani. Alihudhuria vikao saba vya kwanza bila kukosa, kisha mwezi wa tatu akazikwa Gashonga, kwa ugonjwa huohuo wa ini. Ngojangoja huumiza matumbo. Kumchagua mwingine kulihitaji fomu nyingine.

Nje kwenye benchi alikaa Nsimire, muuza dagaa wa sambaza, mzaliwa wa Bukavu ng'ambo ya mpaka, akiwa katika wiki ya saba bila kujidunga. Zamani alichangia sindano na Ntabaza, lakini vipimo, Mungu ashukuriwe, vilimkuta bado mzima. Alitaka achanjwe kabla mguu haujateleza tena.

Saa nane na robo Ntabaza aliingia, viatu vimejaa udongo. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Mwenye pikipiki hakuwa na kofia ngumu ya pili, ikabidi atembee kutoka Gashonga.

"Karibu, Papa Ntabaza. Tulikuwa tunakungojea," alisema Vénuste.

"Baliniambia munakosa sinyatire yangu tu."

Alitia saini. Vénuste aliilinganisha na ile ya zamani, akaridhika, akatoa ufunguo wa friji.

Muuguzi Patricie alifuata daftari la maombi, maana foleni ni foleni. Wa kwanza, tangu mwaka jana, alikuwa Ntabaza. Akakunja shati, akachomwa. Wa pili alikuwa Nsimire, aliyelia huku anacheka.

"Asanti, Papa. Asanti, Maman Patricie. Mungu abariki hii nyumba!"

Na kweli ilikuwa siku njema. Hata Vénuste alifuta miwani mara mbili. Aliwashukuru wote, akakumbusha kwamba dozi ya pili itahesabiwa kuwa huduma mpya, kwa hiyo utayari utapimwa upya, maswali yote arobaini. Hakuna aliyepinga. Ntabaza alisema atafika, yeye hana kazi ingine.

Nsimire alimsindikiza mpaka barabarani, akimshukuru njia nzima. Akamuuliza kama sindano ilimuuma.

"Hapana," alisema Ntabaza. "Kama bangenichoma mwaka jana, ningesikia."