Mlio Chini ya Besi

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo sana, na mwanzoni Amolo alidhani ni waya mbovu.

Alikuwa peke yake studioni kwake Mosocho, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani ili kuua mwangwi. Alikuwa amevaa hedifoni, akiisikiliza kwaya ya Mwalimu Ombati. Walikuwa wamerekodi Jumapili kule Tabaka, ndani ya kanisa lao la mawe lililo juu ya mteremko, kwa sababu Mwalimu alikataa katakata kuja kuimbia kwenye magodoro.

"Shemeji, sauti hizi zimelelewa na ukuta ule," alimwambia. "Ukizitoa pale zitakuwa yatima."

Alimwita shemeji kwa kuwa Amolo, mzaliwa wa Homa Bay, alikuwa ameolewa na Nyasani, mwimbaji wa besi katika kwaya hiyohiyo.

Wimbo wa tatu ulifika mahali ambapo kwaya nzima inavuta pumzi kabla ya kiitikio. Hapo ndipo aliposikia. Ti. Ti-ti. Ti. Ulikuwa mlio mwembamba, wa juu mno, kama ukucha unaogonga ukingo wa bilauri. Kisha kwaya ikapaza sauti na kuufunika.

Alibadilisha waya. Akabadilisha hedifoni. Akarudi nyuma na kusikiliza tena, na mlio ulikuwa palepale. Alipozima maikrofoni moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, kuanzia ile ya mlangoni, aligundua kwamba ulitoka hasa kwenye maikrofoni ya nyuma, ile aliyoiweka karibu na ukuta waliposimama watu wa besi. Haukufuata mdundo wa wimbo. Ulikuwa na mwendo wake.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Ombati.

"Shemeji, nyimbo ziko tayari? Waimbaji wananisumbua. Wanataka kusikiliza wakichuma majani chai."

"Ziko tayari, Mwalimu, ila ni kubwa. Nimezihifadhi kama WAV, hazitapita kwenye simu."

"Basi tupe ndogo. Si ile MP3 inatosha? Sisi si redio."

Amolo akazibana nyimbo zote ziwe MP3, kwa kiwango cha chini kabisa ili hata simu ya zamani iweze kuzipokea. Kabla ya kuzituma alisikiliza ule wimbo wa tatu. Kwaya ilivuta pumzi. Kimya. Kisha kiitikio. Mlio haukuwepo.

Moyo wake ulitulia, na utulivu huo wenyewe ukamtia aibu kidogo, maana alijua vizuri kilichotokea. WAV hutunza kila kitu ambacho maikrofoni imekamata, kizuri na kibaya. MP3 hupunguza uzito: hukisia ni nini ambacho sikio halitagundua kimekosekana, kisha hukitupa, na vya kwanza kutupwa ni vile vyembamba vya juu kabisa. Mlio haukuwa umekwisha. Ulikuwa umetupwa.

Akazituma hivyohivyo. Grupu la kwaya likajaa shangwe, watu wakituma sauti za vigelegele. Kwamboka, msichana anayeongoza soprano, aliandika kwamba amesikiliza mpaka simu ikazima.

Lakini Amolo hakuweza kuliacha jambo lile. Siku iliyofuata aliirudia ile WAV tangu wimbo wa kwanza, kwa sauti ya juu, macho ameyafumba. Katika wimbo wa kwanza mlio ulikuwa wa hapa na pale. Katika ule wa mwisho ulikuwa haukomi, na chini yake, kila besi zilipoteremka, palikuwa na kitu kama mkwaruzo wa meno.

Nyasani alipopitia kula chakula cha mchana alimvisha hedifoni bila kumwambia neno. Nyasani alikuwa mtu wa Tabaka. Kabla ya kufungua duka la vifaa vya ujenzi mjini, ujana wake ulipitia kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago. Alisikiliza huku akitafuna. Kisha akaacha kutafuna.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kanisani kwenu. Nyuma ya besi."

Alivua hedifoni polepole na kuziweka mezani kana kwamba zingeweza kuvunjika. "Tulipokuwa tunachimba kwa kuingia ndani ya kilima, paa lilikuwa linalia hivi. Ukisikia, unaacha sururu yako na kutoka. Wengine walirudi kuchukua sururu."

"Kuna shimo chini ya kanisa?"

"Wazee walisema mashimo yalijazwa yote." Alifikiri. "Inaweza kuwa ni mabati yanapoa tu, Amolo. Siwezi kuapa."

Amolo alimpigia Mwalimu papo hapo. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, akakata simu, akasikiliza wimbo kwenye simu yake, kisha akapiga tena. "Shemeji, wimbo uko safi. Sisikii chochote."

"Huwezi kusikia humo, Mwalimu. Nilipoubana wimbo, mlio ulipotea. Lazima usikie ile kubwa."

"Basi ilete Ijumaa tukifanya mazoezi. Jumamosi ijayo tunaimba kwenye makambi ya kanisa Ogembo, siwezi kuvunja mazoezi kwa sababu ya kitu kisichosikika."

Ijumaa alasiri mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya vilima, rangi ya risasi, na hewa haikusogea. Amolo na Nyasani walipanda mteremko na kompyuta ndani ya begi. Njia nzima ilikuwa na unga mweupe wa mawe ya sabuni, na miguu yao iliacha alama kama ya watu waliotembea kwenye unga wa ngano. Kwaya ilikuwa imeanza kukusanyika mlangoni. Amolo aliomba wasiingie kwanza. Aliiweka kompyuta juu ya kisiki na kumpa Mwalimu hedifoni.

Mwalimu Ombati alikuwa mzee mnyoofu, mwenye koti la kijivu na macho ya upole. Alifunga macho kama afanyavyo anapotafuta noti. Wimbo ukapita. Mahali pa kuvuta pumzi pakapita. Akafungua macho.

"Hakuna kitu."

"Hapa, Mwalimu. Sikiliza tena." Akaongeza sauti.

"Shemeji, nasikia mpaka Nyabuto akikohoa kwenye sauti ya teno. Hakuna kitu."

Amolo alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa. Mzee hakuwa mkaidi. Masikio yake hayakuweza tena kufika juu kule. Umri ulikuwa umekata zile sauti nyembamba, kama ile MP3, bila kumwambia.

Kwamboka aliomba naye asikilize. Hakumaliza hata ubeti mmoja. Alizivua hedifoni kama aliyeungua, akatazama ukuta wa kanisa, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye nyasi.

"Mwalimu, kuna kitu kinapasuka," alisema.

Hedifoni zikazunguka. Vijana wote walisikia. Watu wa makamo walisema labda. Wazee hawakusikia lolote, na walitazamana kwa hasira ya watu wanaofichwa jambo. Mwalimu alisimama katikati yao na fimbo yake ya kuongozea.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema taratibu. "Nimewafundisha ninyi nyote kusikia. Leo mimi ndiye kiziwi."

"Hakuna aliyesema hivyo, Mwalimu," Nyasani akamwambia. "Tuimbe hapa nje tu, leo hii."

"Imbeni mnapotaka." Hakupaza sauti. "Mimi nakwenda kwenye kinanda changu kule nyuma."

Akaingia. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika. Punde kinanda kikasikika dirishani, utangulizi wa wimbo wa tatu, safi, bila haraka, kama anayewasubiri. Nyasani alikwenda mpaka kizingitini akamwita. Mwalimu aliendelea kupiga. Kwenye nyasi, Kwamboka aliinua kichwa.

"Nausikia," alisema. "Bila hedifoni. Jamani, nausikia."

Amolo naye aliusikia sasa, wazi hewani, ti-ti-ti-ti, kama mvua ya changarawe. Kisha ukanyamaza ghafla, na ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko mlio. Nyasani akakimbilia ndani.

Sakafu ya nyuma ilizama bila kishindo kikubwa. Kanisa lilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, ukuta wa besi ukalegea ukaenda chini, na vumbi jeupe likatoka kwa kila dirisha. Amolo alikimbilia mlangoni akipiga kelele jina la mumewe. Alimkuta amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, mikono yake yote miwili imelikamata lile koti la kijivu. Vijana waliingia wakawavuta wote wawili. Mwalimu alitoka hai, mguu wake mmoja umevunjika vibaya, nywele na nyusi zake nyeupe kwa unga. Hakulia. Aliendelea kuuliza, "Kinanda kilinyamaza lini? Kinanda kilinyamaza lini?"

Jumatatu, Amolo alikwenda kumwona hospitalini mjini. Wazo lilikuwa limemjia akiwa amechelewa: sauti ikichezwa polepole hushuka, na ya juu mno hufika chini ambapo hata sikio la mzee huipata. MP3 isingemsaidia, maana ndani yake hapakuwa na kitu cha kushusha. Alikuwa ameichukua ile WAV na kuipunguza kasi mpaka kwaya ikawa kama ng'ombe wanaolia mbali, na ule mlio ukawa mzito, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi.

Mwalimu alisikiliza akiwa ameegemea mto. Chozi moja lilimtoka, akaliacha liende.

"Kumbe ndio huu," alisema. "Nisamehe, shemeji."

"Pole, Mwalimu. Pumzika."

Lakini hakuvua hedifoni. Aliinua kidole, kama awanyamazishapo waimbaji wa teno, na uso wake ukabadilika. Masikio yake yalikuwa yamepungua, ila ustadi wa kutenganisha sauti haukuwa umemtoka.

"Ziko mbili," alisema.

"Mbili nini?"

"Moja iko nyuma, upande wa besi. Hiyo imeshaanguka. Ya pili inaingia baada yake, ni nzito kidogo. Inatoka mbele. Ile maikrofoni ya mlangoni uliielekeza wapi?"

Amolo aliichukua kompyuta, akazima maikrofoni ya nyuma, akaacha ya mlangoni peke yake, akaweka hedifoni sikioni. Maikrofoni ile ilikuwa imetazama nje, bondeni, ambako nyumba zimefuatana mpaka sokoni. Alisikiliza mara moja tu: mlio wa pili ulikuwemo, ukitoka huko bondeni, si kanisani. Akampigia Nyasani, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amerudi Tabaka kusaidia kuzungushia kamba kanisa.

"Uko wapi?" alimuuliza.

"Niko hapa chini bondeni, nyumbani kwa kina Mokua, tunakunywa chai. Watu ni wengi, wamekuja kutazama shimo."

"Watoe," alisema Amolo. "Watoe wote sasa hivi, hata kama hawasikii kitu."

Kwenye simu alisikia vikombe, kicheko cha mtu, na Nyasani akiwaambia watu wasimame. Sauti ya simu ilikuwa imebanwa, nyembamba, kama zilivyo simu zote. Zaidi ya hapo hakusikia chochote, na hakujua kama hapakuwa na kitu au simu ilikuwa imekitupa.