Kofia Mbili za Nyagũthiĩ

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya kompyuta ya mwanangu Kĩarie, nimebeba chupa ya uji na sahani ya nduma, kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Kĩarie amepata mtoto wa kike, wa kwanza, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Nyanya huyo ni mimi, Nyagũthiĩ. Yaani ninazaliwa tena, na nimebaki na meno saba. Sasa Kĩarie ametengeneza programu yake ya kuandikia, na humo ndimo alimoandika kadi za kuwaalika akina mama waje kumwona mtoto. Jana jioni akaniambia, "Mama, herufi zako zenye kofia zinanisumbua. Nikiongeza neno hapo karibu, zinaharibika. Na kesho asubuhi nachapisha. Tuzivue tu hizo kofia, watu wataelewa."

"Na mtoto atakuwa nani?"

"Si atakuwa wewe, Mama."

"Mimi sijawahi kutoka nje kichwa wazi," nikamwambia. Nikaenda kulala nimenuna, kitambaa changu cha kijani kikiwa kichwani, nimekifunga mafundo mawili.

Basi, humo ndani ni bweni. Sakafu imepakwa rangi nyekundu ikang'aa, na vitanda vya chuma vimepangwa mstari mmoja usioisha. Kila kitanda kina herufi imelala, na miguuni kuna kibati cha namba. Herufi a ni 97. Inakoroma.

Mlangoni amesimama Kijiti, kile kinachowaka na kuzima pale unapoandika. Akiwaka anaongea, akizima anapotea, sauti na yote.

"Kanuni ya hapa," anasema. Anapotea. Nasubiri. "Kitanda kimoja, mtu mmoja."

Namwambia nimekuja kuona jina langu. Ananionyesha kwa kuinama kidogo. Nalikuta: N kubwa, y, a, g, halafu ũ wangu, amelala juu ya vitanda viwili, kofia yake imekaa vizuri.

"Mbona umejitandaza hivyo?"

"Ndivyo nilivyo, Shosho," akasema, kama mjukuu kwa nyanya yake. "Namba zangu ni mbili."

Kengele ikalia. Huko nje mtu alikuwa anaongeza neno. Na katika nyumba ile, neno likitaka kuingia, huja kwanza Pengo, mahali patupu panapomfuata Kijiti, na vitanda husukumwa huku na huku ili lipite. Pengo lilikuja polepole, kama ng'ombe anayekatiza barabara, likasimama katikati ya vitanda viwili vya ũ. Kimoja kikavutwa kushoto, kingine kulia. Kofia ikaanguka.

Kijiti akafungua daftari dogo. "Kitanda cha kwanza, A mwenye pete kichwani. Cha pili, c aliyefungiwa ndani ya duara. Hawa hawajuani."

"Hatujuani," akasema A mwenye pete, kwa adabu.

"Huyo ni ũ wangu!"

"Kama huwataki, kuna chumba cha pili."

Akafungua mlango. Ndani walikaa alama za kuuliza tupu, safu kwa safu, migongo imepinda.

"Wewe ulikuwa nani?" nikamuuliza wa karibu.

"Nilikuwa nani?" akasema. Hakuwa ananiiga. Alikuwa anauliza.

"Akishaingia humu na maandishi yakahifadhiwa, harudi tena," Kijiti akaeleza. "Jina la zamani hatuliweki."

Nikamwona mjukuu wangu shuleni, mwalimu anaita, "Nyag-sijui-nini-thi-sijui-nini!" na mtoto anaitika, "Niko!" Nikatazama mguu wangu wa kushoto. Ulikuwa umeanza kupinda, na chini yake kuna nukta.

Ah-ah. Nikavua kitambaa changu na kukipasua vipande viwili kwa yale meno saba. Nikamshika c na duara lake, nikamweka mgongoni mwa A, nikafunga kifuani fundo la kubebea mtoto. Kofia ikarudi mahali pake.

Bila mlango kufunguliwa, bweni likawa kanisa na vitanda vikawa viti.

"Hao ni wangapi?" Kijiti anauliza.

"Mmoja."

"Naona vichwa viwili."

"Wewe kijana, mama mwenye mtoto mgongoni hukalia viti vingapi hapa?"

Akazima. Akawaka. "Kimoja."

"Na Pengo lako litapita kati ya mama na mtoto aliyembeba?"

Safari hii alizima muda mrefu, nikadhani umeme umepotea. "Kanuni," akasema aliporudi, "haikusema lolote kuhusu mgongo."

Pengo likawazunguka, likaenda zake. Nikakimbilia ĩ wa mwisho, ambaye naye alikuwa ameshatenganishwa, nikamfunga kwa kipande cha pili. Huyu wa mbele, A mwenye nukta mbili kichwani, akalalamika kuwa kitambaa kinambana.

"Vumilia. Mimi nilimbeba Kĩarie hivyo hivyo mpaka Njabini, na alikuwa mzito kuliko huyo."

Mguu wangu ukanyooka. Nikaamka.

Kumepambazuka. Kĩarie amesimama mlangoni na kadi mkononi, hajanawa uso.

"Mama, zimekubali. Nimeamka nikazikuta ziko sawa, na sijagusa kitu. Lakini angalia hapa. Mashine yangu ina wino mweusi pekee."

Nikachukua miwani. Nyagũthiĩ, herufi zote nyeusi, kofia zote mbili za kijani.

Nikapeleka mkono kichwani. Nywele tupu. Nikainua mto, nikainua blanketi.

"Nizichapishe upya?" akauliza.

"Ziache hivyo hivyo. Na wewe funga huo mlango, nitafute kitu cha kujifunga kichwani."