Kompyuta ya Kuiga

Yunusu, fundi na mwuza kompyuta, aliziweka zote mbili mezani, akazifuta vumbi kwa kitambaa kimoja, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayewaachia wageni nafasi ya kusalimiana. Ya kushoto ilikuwa imetumika. Pembe yake moja ilibonyea, herufi mbili za kibodi zilikuwa zimefutika, na mfunikoni palibaki gundi ya karatasi ya ofisi fulani iliyobanduliwa ovyo. Ya kulia ilikuwa mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, na alama ya mgongoni mwake ilifanana na ile inayotamaniwa na kila mwanafunzi wa chuo ninayemjua. Ilifanana tu. Ukiikaribia uliona mstari mmoja umezidi.

"Hii ya zamani ndiyo yenyewe," Yunusu alisema. "Hii mpya ni ya kuiga. Bei hazipishani sana, kwa sababu moja imechoka na nyingine haikuwahi kuwa na nguvu. Ya kuiga, kwa kutazama filamu inatosha. Kwa kazi ya kutunza vitu, mimi nisingeichukua."

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana kwa miaka miwili nimetafuta ndani yake mahali pa kumlaumu, na sijapaona.

Mama Justina alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, pochi magotini, miguu ameibana pamoja kama wauguzi wa zamani wanavyokaa. Hakuzigusa. Alizitazama kidogo, halafu akanitazama mimi.

"Raya, mwanangu, wewe ndiye unayezijua. Sema."

Mimi ni binti wa Sabiti, yule mwenye duka la vitambaa Biharamulo mjini. Babu wa baba yangu alitoka pwani na mzigo wa biashara, akaoa, akabaki. Nina steshenari ndogo ubavuni mwa duka la baba. Natoa nakala, napiga picha za vitambulisho, nachapa barua za watu wanaoomba kazi. Mjini inajulikana kwamba nilisomea kompyuta Mwanza. Kisichojulikana ni kwamba nilirudi nyumbani hata mwaka wa kwanza haujaisha, nimefeli masomo mawili kati ya matano. Nilipoulizwa nilisema nimemaliza. Sikusema mara moja tu. Nililisema hilo kwa miaka hadi nikawa naliamini nikiwa nimeshiba.

Mama Justina hakuwa ndugu yetu. Alikuwa Mkatoliki wa Ngara, mkunga aliyestaafu mapema akahamia Nyakahura, nyuma ya soko, karibu na barabara ya malori. Mwaka wa tisini na nne alikuwa msichana aliyemaliza uuguzi juzi tu, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Benaco watu wa Rwanda walipomiminika na vilima vikajaa maturubai. Alizalisha akina mama ndani ya hema, akiwa na taa moja na ndoo mbili. Rejista ya kazi ilikuwapo, lakini ilichukuliwa na wenye kazi yao, hakujua ilikoishia. Yeye alikuwa na zake. Kaunta buku kumi na moja, alizozijaza kwa mkono wake baada ya zamu: jina la mama, kilima alichotoka, siku na saa ya kuzaliwa mtoto, na kama mama alisema neno, neno lenyewe.

Miaka ilipopita watu walianza kumfuata. Mtu mzima na ndevu zake anashuka kwenye basi Nyakahura, anauliza nyumba ya mkunga, anataka kujua alizaliwa usiku au mchana. Mama Justina alikuwa akitafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, wakati mwingine siku nzima. Kisha mchwa wakaingia kwenye sanduku. Ndipo akaamua kununua kompyuta. Alitaka, kwa maneno yake, uandike jina, nalo liitike.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kompyuta ingekaa dukani kwangu, kwa sababu mimi ndiye ningefanya kazi. Na aibu yangu inaanzia hapo, kabla ya mengine yote. Nilipokuwa nimesimama mbele ya zile mbili, sikufikiria vile vitabu. Nilifikiria meza yangu ya mbele, inayotazama barabara. Niliona mgongo ule wa rangi ya fedha ukiwageukia wapita njia, na wasichana niliosoma nao wakisimama.

Nilizipima, sikatai. Nilizinyanyua moja moja. Ile ya zamani ilikuwa nzito, imetulia mkononi. Ile mpya ilikuwa nyepesi kama sahani ya bati, na nilipoibonyeza kifuniko kilididimia. Nilipoiwasha, neno la kukaribisha lilikuwa na herufi iliyokosewa. Niliiona. Hata mtu aliyefeli masomo mawili angeiona.

Mama Justina akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba yeye angechukua ile yenye makovu, kwa sababu mwili wenye makovu umeshaonyesha kuwa unapona. Nikacheka. Nilicheka kicheko cha mtaalamu.

"Kompyuta si mwili, Mama. Hii mpya ina nafasi mara nne. Hayo ya kuiga ni maneno ya madukani. Ndani ni ileile."

Yunusu alifungua mdomo. Nilimtazama. Akakunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka mfukoni.

Kazi ilichukua miezi minne. Mama Justina alikuja kila Jumanne na kitabu kimoja, amekifunga kwenye kanga kama anabeba mtoto, nikawa napiga picha kila ukurasa na kuandika majina chini yake. Alikaa pembeni yangu akinisomea mwandiko wake pale uliponishinda. Mara nyingine alinyamaza katikati ya mstari, nami nilijifunza kutomharakisha. Kulikuwa na mama aliyeomba mwanawe aitwe jina la daraja alilovuka. Kulikuwa na mwingine aliyekataa kutaja jina la baba wa mtoto, na Mama Justina alikuwa ameandika tu: *amekataa, ana haki.*

Siku zisizokuwa zake, niliitumia kompyuta yake kwa mambo yangu. Nilihifadhi humo picha za harusi za wateja. Kaka yangu Anuar alinijazia filamu. Nafasi ilikuwapo, au ilisema ipo, na mimi sikuwa na sababu ya kutoiamini kwa kuwa nilikuwa nimeshaisifu mbele za watu. Sikuweka nakala mahali pengine. Kila nilipowaza kununua kitu cha kuwekea nakala, nilihisi kama ningekuwa nakiri jambo.

Tulipomaliza kitabu cha kumi na moja, aliniuliza avifanye nini sasa vile vitabu. Nilimwambia havina kazi tena, kila kitu kimo humu. Nilipiga mfuniko kwa kiganja nikisema hivyo.

Akavichoma. Hakuwa mtu wa kutupa. Alisema siri za wazazi haziachwi kwenye sanduku zikasomwa na wajukuu, na kwamba hospitalini karatasi za mgonjwa huchomwa, hazifungiwi maandazi. Nilikwenda Nyakahura siku hiyo kumsaidia. Ilikuwa saa nne asubuhi, nyuma ya jiko lake, migomba imesimama bila upepo. Yeye alichana, mimi nilitia motoni. Alipomaliza alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kama anatoka kuzalisha.

Wiki ya tano baada ya hapo, alikuja dukani mwanamume wa miaka kama thelathini, mrefu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Aliitwa Nzeyimana. Alikuwa mkulima wa Nyamahanga. Alilelewa na familia ya huko iliyomchukua kutoka kambini akiwa na miezi michache. Walimwambia tarehe aliyozaliwa, kwamba mama yake alifariki siku hiyo na kwamba mkunga aliitwa Justina, zaidi ya hapo hawakujua. Alikuwa anataka kufunga ndoa kanisani. Padri alikuwa amemuuliza jina la mama, naye aliona haya kusema hana. Mama Justina alikuwa amemwelekeza kwangu kwa furaha kubwa, akimwambia kwamba siku hizi hatutafuti tena kwa kidole.

Nikafungua. Orodha ilitokea yote, kitabu cha kwanza hadi cha kumi na moja, namba za kurasa zimejipanga vizuri. Nikabonyeza ukurasa. Ukatokea weupe. Nikabonyeza mwingine, nao ukatoa kijivu, mistari, kisha hakuna kitu. Nikajaribu kitabu cha tatu, cha saba. Vichwa vya habari vilikuwapo, miili haikuwapo. Baadaye Yunusu aliifungua akanionyesha: kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, imefundishwa kusema ni kubwa. Ilipojaa iliendelea kupokea, ikaandika jina la kila ulichoipa, na chenyewe ikakitupa. Picha za harusi nazo zilikuwa zimefuta kurasa za mwanzo. Lakini wakati ule sikuwa na Yunusu. Nilikuwa na Nzeyimana, amesimama upande wa pili wa meza, anatazama mgongo wa kompyuta, amevua kofia.

"Umemwona?" aliniuliza.

Hakusema umeliona. Alisema umemwona.

Ningeweza kusema ukweli. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Badala yake nilihisi watu wanaopita barabarani, nikahisi Mwanza, nikahisi miaka yote ya kusema nimemaliza. Kichwani likaelea jina moja katika yale niliyoyachapa, la mwanamke fulani, sijui wa kitabu gani, sijui kama aliishi au alikufa.

"Niyonsaba," nikasema.

Alilirudia mara tatu, kwa sauti ya chini, kila mara tofauti kidogo, kama anatafuta lilivyotamkwa na waliompenda. Akaomba nimwandikie. Niliandika kwenye karatasi nyeupe, na kwa kuwa aliniomba, nikapiga mhuri wa duka. Alitaka kunilipa. Nilikataa, naye akaniona mtu mwema.

Jioni yake Mama Justina alinipigia simu. Kijana alikuwa amempigia akilia. "Sasa nimestaafu kweli," aliniambia. "Mungu akulipe, mwanangu."

Nilinyamaza siku kumi na tisa. Matangazo ya ndoa yalisomwa Jumapili tatu, jina nililolitoa likasomwa pamoja nayo, ndoa ikafungwa. Nilikuwa nikiigeuza ile kompyuta ukutani ili mgongo wake usionekane. Siku ya ishirini nilifunga duka, nikapanda gari hadi Nyakahura. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akanisogezea kigoda, na nikasema yote bila kukaa: vitabu, kurasa nyeupe, Mwanza, jina.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha mikono ikasimama. Nilimwuliza, kwa tumaini ambalo hata sasa linaniumbua, kama labda yeye anamkumbuka mama wa yule kijana.

"Ningekuwa nakumbuka," alisema, "nisingeandika."

Hakunifokea. Aliingia ndani, akakaa huko kwa muda ambao sikuweza kuupima, akatoka amevaa viatu. "Twende Nyamahanga," akasema. Njia nzima hakuongea nami, ila mara moja aliponiambia nifunge dirisha, vumbi.

Nzeyimana alitupokea kwa furaha. Mkewe alileta viti, akaleta maziwa. Karatasi yangu, pamoja na mhuri wake, ilikuwa ukutani ndani ya fremu, chini ya picha ya Bikira Maria. Nilisema nikiwa nimeitazama sakafu. Nilisema kwamba jina lile nililitoa kichwani, kwamba vitabu havipo, kwamba kosa si la Mama Justina. Mke wake alisimama, akaishika bilauri iliyokuwa mbele yangu kana kwamba anataka kuiondoa, akaiacha.

Nje ng'ombe alikuwa anavuta kamba yake. Hatimaye Nzeyimana alisema padri ameshaandika, na wino wa kanisani haufutiki. Alilisema bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akamgeukia Mama Justina, akamwuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu utotoni.

"Huyo mama, vyovyote alivyoitwa. Alinishika?"

Mama Justina alivuta pumzi. Akamwambia kwamba haikumbuki siku yake, na hatamdanganya. Lakini hemani kwao walikuwa na desturi, na hawakuivunja hata siku za watoto ishirini. Mama akifariki, kabla ya kumfunika walimlaza mtoto kifuani pake na kuuweka mkono wa mama juu ya mgongo wa mtoto, wakahesabu hadi mia moja taratibu.

"Kwa wote?" aliuliza.

"Kwa wote. Mara nyingi nilihesabu mimi."

Nzeyimana aliitikia kwa kichwa. Aliondoka akasimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, mkono mmoja kwenye kizingiti cha juu, na tuliona mabega yake.

Alitusindikiza hadi barabarani. Alibeba pochi ya Mama Justina, akatembea upande wake, akimwuliza habari za mvua za kwao Ngara. Gari lilipokuja alimpandisha kwanza, akamfungia mlango. Kisha akaja upande wangu. Nilidhani atasema neno, nikajiandaa kulipokea. Hakusema. Alinipa mkono, kwa adabu, kama anavyopewa mgeni yeyote, na ulikuwa mkono wenye joto. Heri asingenipa.