Kimya cha Suad

Siku ya nikaha bibi arusi haulizwi ili ajibu. Huulizwa ili anyamaze. Ami yake huenda na mashahidi wawili mpaka nje ya pazia, huuliza, ndani huwa kimya, nao hurudi msikitini kusema amekubali. Ndivyo walivyoozwa mama zetu wote wa Kisauni, na ndivyo alivyotarajia ami Yeslam asubuhi ile ya mwaka wa sitini na mbili.

"Mwanangu Suad, nikuoze Mahfudh?"

"Bado, ami. Akapimwe kwanza."

Ami Yeslam alirudi msikitini amefumba mdomo kama aliyejaza maji. Alimnong'oneza shekhe, shekhe akamnong'oneza aliye kando yake, na neno lilipomfikia bwana arusi, msikiti mzima ulikuwa unalo.

Mahfudh alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Mitihani ilipokwisha, wenzake walikwenda kustarehe kwa wanawake wa karibu na bandari, na wawili wakarudi na kisonono. Yeye aliapa kuwa alibaki nje anakula mishikaki. Suad alimtuma dada yake kwa Mahfudh mara mbili kumwomba akapimwe, na mara zote mbili Mahfudh alijibu kwa shairi la mapenzi.

"Siendi," alisema sasa, joho begani. "Kwani haniamini?"

"Anakuamini," alisema ami Yeslam. "Anasema mashairi yako ni mazuri sana, ila hayakujibu swali."

"Nikapimwe mbele ya kaumu yote hii? Mimi?"

"Mwenzio Suad alikwenda kupimwa Jumatatu, pamoja na wasichana wa chuo chake cha ualimu. Kwa miguu, juani, watu wanawatazama. Amepimwa, yu mzima."

Mahfudh alifumba macho. Alimwona Suad katika ile barabara ya vumbi, kichwa juu, hamjali mtu. Kicheko kilimpanda, akashindwa kukizuia.

"Basi mke nimepata," alisema. "Viatu vyangu viko wapi?"

Alitoka na joho lake na jambia kiunoni, na msikiti ukatoka nyuma yake. Wapiga matari hawakuambiwa kilichotokea; walipomwona bwana arusi barabarani wakaanza kupiga. Arusi nzima ikaingia zahanati ya Kongowea kwa matari, na wauza nazi wakaacha nazi zao wakafuata.

"Mgonjwa nani?" aliuliza daktari.

"Bado hatujui," alisema Faraj, rafiki yake Mahfudh, aliyekuwa akicheka tangu msikitini.

Daktari aliwafukuza wote, akabaki na Mahfudh. Alimchukua damu na mkojo, akamwambia arudi alasiri. Kisha akatoa kichwa mlangoni na kuuliza kama yuko mwingine aliyekwenda bandarini. Faraj aliacha kucheka. Aliingia, akatoka na sindano ya kwanza, na siku ile alikula pilau amekalia tako moja.

Alasiri Mahfudh alitoka zahanati mbio, joho likipepea.

"Mzima!" aliwatangazia mpaka wauza nazi.

Ami Yeslam akasimama tena nje ya pazia.

"Mwanangu Suad, nikuoze Mahfudh?"

Kimya. Mashahidi walitazamana. Aliuliza tena. Kimya.

"Suad, umenyamaza au unafikiri?"

"Ami, hicho ndicho kimya chenyewe," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Nendeni mkamwambie, asije akanitungia shairi jingine."