Maji Mdomoni mwa Msemaji

Majirani wa mtaa wa Gitega, jijini Kigali, walipomwona mzee Eustache ameketi kibarazani, mashavu yamevimba, macho yamemtoka na mdomo umefungwa, walidhani jino limemzidi nguvu. Mmoja alimletea karafuu. Mwingine, asiyekuwa na imani na karafuu, alimsihi mkewe amwitie pikipiki impeleke hospitali kabla mambo hayajaharibika. Pudentienne, mkewe, aliwashukuru wote kwa adabu, akaingia ndani, akajifunika uso kwa kanga na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Mumewe hakuwa na jino bovu. Alikuwa na maji mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa yao nyumba ilikuwa kimya mchana kweupe.

Ajabu hiyo huwezi kuionja sawasawa usipomjua Eustache. Huyu alikuwa msemaji wa ukoo, na si wa ukoo wake peke yake. Kigali mtu hachumbii kwa kunong'ona. Familia mbili huketi chini ya mahema, zikitazamana, na kila moja humtanguliza mzee wake kuisemea. Wazee hao hurushiana maneno, hutaniana, hunyimana binti na kubembelezana hadharani, ingawa kila kitu, kuanzia ng'ombe hadi soda, kimekwisha kukubaliwa faraghani. Katika mchezo huo Eustache hakuwa na mshindani. Alikulia Bujumbura, katika mitaa ya Buyenzi, ambako mtu mzito wa ulimi alilala njaa, na aliporudi nyumbani Rwanda akiwa mtu mzima alirudi na mdomo wake kama wengine walivyorudi na masanduku. Aliwahi kuwasemea mababa waliogandishwa na woga na wajomba waliozidiwa na pombe. Siku moja aliisemea familia isiyokuwa yake, tena kwa robo saa nzima, mpaka mtu akamvuta shati, na familia hiyo ilimshukuru sana.

Tatizo ni kwamba ulimi ule haukujua sikukuu. Nyumbani alimmalizia mkewe habari, kazini aliwamalizia wateja maulizo, na kanisani midomo yake ilimtangulia padri katika mahubiri. Lakini hakuna aliyemaliziwa maneno kama mjukuu wake, Iteka.

Iteka alikuwa na umri wa miaka sita. Mama yake, Lillian, binti wa Eustache na Pudentienne, aliuza vitenge katika soko la Kimironko tangu asubuhi hadi jioni, hivyo mtoto alishinda kwa babu na bibi yake. Alizaliwa kabla ya wakati, akiwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa migumu, akatembea kwa kusukuma fremu ya chuma yenye magurudumu, na maneno yake yalichelewa kutoka. Akili ilikuwa macho, tena ya kitundu. Ni kinywa tu kilichochukua muda kutii. Akianza, "Mi... mi-mi...", Eustache alikwisha kuruka kutoka kitini. "Maziwa! Mama Lillian, mutoto anataka maziwa!" Na kikombe kilifika, kimejaa pomoni. Alimpenda mtoto huyo kuliko kitu chochote alichowahi kukisifu kwa kipaza sauti. Kumwacha akipambana na neno alikuona ni ukatili, sawa na kumtazama mtu akipandisha gunia la mkaa kilimani bila kumpokea.

Mwenye wazo la maji alikuwa Umulisa. Kila Jumanne Eustache alimpeleka mjukuu wake kwenye ukumbi mmoja wa parokia, upande wa juu wa njia panda ya Sonatubes, ambako wataalamu waliwafanyisha mazoezi watoto wa mitaa ile. Kulikuwa na mikeka, kioo kirefu ukutani, na viti vidogo vilivyotengenezwa kwa makaratasi ya maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, imara hata vikamhimili mtu mzima. Umulisa alikuwa msichana mwembamba, mpole wa sauti, aliyesomea kuwasaidia watoto kusema. Jumanne moja alimwekea Iteka mpira upande huu na mwanasesere upande ule.

"Iteka, leo unataka kucheza na nini?"

"Mpira," alijibu Eustache.

"Mzee, nimeuliza Iteka."

"Na mimi nimekujibu. Huyu mutoto ninamujua. Iko nataka mpira. Si ndiyo, Iteka?"

Iteka alitikisa kichwa kukubali. Umulisa hakuuchukua mpira. Alinyoosha kidole tu, kimyakimya, akamwonyesha mzee mkono wa mtoto. Ulikuwa juu ya mwanasesere.

"Wakati wa Pasaka alikuwa nanipa maneno matatu kwa mufululizo," alisema Umulisa. "Leo iko nanipa kichwa tu. Mutoto akikatwa kila saa, Mzee, si kwamba hawezi. Anachoka. Siku moja utatega sikio umungojee, na yeye hatakuwa na hamu tena."

Eustache alitaka kutoa jibu. Majibu alikuwa nayo, hata ya akiba. Lakini aliutazama tena ule mkono mdogo juu ya mwanasesere, akawa kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifungwa kwa ndani. Akauliza dawa ni nini.

Dawa ilikuwa chupa ya maji. Iteka angeinua mkono kila alipotaka kusema. Hapo babu yake angejaza maji mdomoni, na asingemeza wala kutema mpaka mtoto amalize.

Siku ya kwanza Eustache alimeza. Akajaza tena, akameza tena, akashinda akikimbilia msalani. Siku ya pili aliweza kuyazuia mpaka jirani alipoitaja vibaya timu yake ya mpira, na maji yakaishia kwenye shati lililopigwa pasi. Kwa Iteka huo ulikuwa mchezo mtamu kupita yote aliyowahi kuchezewa. Aliinua mkono bila sababu yoyote, ili ayaone yale mashavu. Alicheka, lakini neno halikuja, kwa kuwa mzee alikuwa amefunga mdomo na kuacha kila kitu kingine wazi. Nyusi zilimhimiza. Shingo ilimnyooshea. Akianza "Mi-mi...", mikono ya babu yake iliinuka yenyewe na kumkama ng'ombe asiyekuwapo, kwa bidii, chuchu kwa chuchu.

"Baba Lillian," Pudentienne alimwambia, "fungaka na mikono!"

Hata hivyo alileta maziwa. Mtoto aliyatazama, akamtazama babu yake, akanywa.

Ndipo ikafika harusi ya Alida. Clovis, mdogo wake Eustache, alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, na kwa muda wa mwezi mzima hakuwa amelala vizuri. Wakwe walikuwa watu wenye jina, nusu yao walitoka Goma, na walimleta Mutsinzi awasemee. Mutsinzi alikuwa mzee mrefu wa Kicukiro ambaye sifa zake zilikuwa zimeanza kuzigusa za Eustache. Jumamosi hiyo, mtaa mzima ulijua, ndiyo ingeamua nani ni nani.

"Maji utayaacha nyumbani?" aliuliza Pudentienne asubuhi, akimfunga shuka jeupe begani.

"Leo ni kazi, Mama Lillian."

Lakini Iteka aliisikia habari hiyo. Walipofika kwenye bustani ya kukodi huko Kimironko, chupa ilikuwa imening'inia kwenye fremu yake, imefungwa kwa utepe wa rangi ileile ya gauni lake.

Mahema yalijaa. Kwa ajili ya wageni wa Goma maneno yalikwenda Kinyarwanda na Kiswahili pamoja, na Eustache hakuwahi kuwa mtamu kama siku ile. Mutsinzi aliposema wamevutwa na harufu nzuri ya boma hilo, Eustache alimjibu kuwa hiyo ni mishikaki ya jirani. Mutsinzi alipomtaja Alida, Eustache alishangaa, akamgeukia Clovis na kumuuliza kama kweli ana binti. Clovis, aliyekuwa akitokwa jasho, alisahau kuwa ni mchezo, akaapa kwamba anaye. Watu walipiga makofi. Hatimaye Mutsinzi aliinama kidogo, akamtoa ng'ombe mmoja, yule yule waliyekubaliana, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya ua akila maua ya mwenye bustani.

Kilichobaki kilikuwa kushukuru na kukaa. Lakini Eustache alikuwa amepanda, na mtu aliyepanda haoni ngazi ya kushukia.

"Ng'ombe huyu," alinguruma kwenye kipaza sauti, "anaingia katika ukoo unaojua maziwa! Ninyi mnayanywa, sisi tunayaabudu. Mtazameni mjukuu wangu, Iteka. Haamki bila maziwa, halali bila maziwa. Mnafikiri natia chumvi? Basi muulizeni mwenyewe!"

Ilikuwa ni namna ya kusema tu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuulizwa mwenyewe. Lakini katika mstari wa mbele, juu ya fremu ya chuma, mkono mdogo uliinuka.

Eustache aliuona. Alijua pia kwamba hakuna mwingine aliyeuona, isipokuwa Pudentienne, ambaye sasa alimkazia macho. Angeweza kuendelea. Neno lililofuata lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, zuri, la kummaliza Mutsinzi. Iteka alingoja. Kisha, taratibu, bila kununa, kama mtu aliyezoea, alianza kuushusha mkono wake.

Mkono ule ukishuka, roho ya mzee ilishuka nao. Alirukia chupa. Aliivuta na utepe wake, akamimina, nusu mdomoni na nusu kwenye shuka jeupe, akapiga magoti kwenye nyasi na kumshikia mtoto kipaza sauti.

Watu wakanyoosha shingo.

"Mi...," alianza Iteka.

Mutsinzi hakumwona mtoto, kwa kuwa meza ya maua ilimkinga, na ile sauti ndogo aliidhani ni mkwaruzo wa spika. Alichoona ni mpinzani wake, mtu asiyejua kunyamaza, amepiga magoti na kufunga mdomo kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyetolewa. Alikuwa amejiandaa kwa kila hila ya Eustache isipokuwa hiyo. Alisubiri. Alikohoa.

"Naona mzee ameona ng'ombe mmoja ni mudogo," alisema. "Si neno. Tunaongeza ndama."

Baba wa bwana harusi aligeuka kwa ghafla hata kofia ikamwanguka. Eustache hakujibu.

"Mi... mi-mi..."

"Na jembe jipya," alisema Mutsinzi, akijifuta paji la uso. Kimya. "Basi, ndama wawili! Mzee, tuoneeni huruma!"

Baba wa bwana harusi alikuwa sasa ameshika pindo la shuka la Mutsinzi na kulivuta chini kwa mikono yote miwili. Eustache hakuyaona hayo. Alipohisi nyusi zake zinaanza kusema, alifumba macho. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kipaza sauti na mwingine kwenye fremu, haukukama kitu. Gizani humo alimsikia mjukuu wake. Alisikia pumzi ikivutwa, herufi ikikwama, ikiachwa, ikirudiwa kutoka upande mwingine bila haraka yoyote. Alisikia kwamba baada ya "mimi" kulikuwa na njia ndefu, na kwamba hajawahi hata mara moja kufika mwisho wake. Aliona aibu, akatamani pia isiishe.

"...si..."

"Anasema—" mwanamke mmoja alianza, na Pudentienne akamgeukia kwa jicho ambalo lilitosha.

"...si-pe-ndi... ma... ma-ziwa."

Watu walitazamana, kuhakikisha kwamba wamesikia. Kisha mahema yote mawili yaliangua kicheko. Wazee walipigapiga fimbo zao chini. Alida, aliyetakiwa asionekane bado, alichungulia nje ya pazia akiwa na machozi ya kucheka. Mutsinzi alizunguka meza ya maua, akamwona aliyemnyang'anya ndama wawili na jembe, akakaa chini kabisa.

Eustache alimeza maji yake. Alivikumbuka vikombe, vya asubuhi na vya jioni, kila kimoja kimejaa pomoni, na yale macho ya mtoto yaliyomtazama juu ya ukingo wa kikombe. Alikuwa amemsemea mtoto huyo maisha yake yote, na hakuwa amemsemea hata neno moja la kweli. Wakati huohuo furaha ilimjaa kifuani hata akashindwa kujua aifanyie nini.

"Haya, mzee!" Mutsinzi aliita kutoka nyasini, akiwa na tumaini jipya. "Kama ukoo wenyewe haupendi maziwa, ndama wetu si warudi nyumbani? Ukoo unasemaje?"

Watu walinyamaza ili wasikie. Ilikuwa nafasi ambayo msemaji huipata mara moja tu, na jibu Eustache alikuwa nalo, lingesimuliwa Kigali nzima mpaka Krismasi. Alifungua mdomo.

Mbele yake, juu ya fremu, mkono ulikuwa umeinuka tena, na safari hii mwenye mkono alikuwa akitabasamu.

Eustache alipapasa chupa kwenye nyasi. Ilikuwa tupu. Aliitazama kidogo, akaifunga kifuniko, akafunga na mdomo. Kisha aliketi chini mbele ya mjukuu wake, shuka limelowa, na watu wa pande zote mbili wakangoja pamoja naye.