Kijana Anayekamatwa Karibu na Goli

Katika shule zote za sekondari za kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, hakukuwa na kijana mwenye mbio kama Jatavious Mims, na bado kila alipotoroka na mpira, alikamatwa. Hilo lilinichanganya kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwenye video.

Kazi yangu ilikuwa kukaa katika chumba cha video cha chuo chetu kidogo na kuchambua mechi za shule za mpira wa Kimarekani, ili makocha wachague vijana wa kusajili. Nilisomea takwimu chuoni hapo hapo, na nilikipenda kile chumba kwa sababu watu hawakuwa na sababu ya kuingia kuongea nami. Msimu wa usajili ulikuwa unaisha. Ulibaki ufadhili mmoja tu, wa mbeba mpira, yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kukimbia nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Vyuo vingine vilikuwa vimeshamwacha Mims. Kocha Satterfield alitaka nimwambie kabla ya wiki kuisha kama na sisi tumwache.

Kwenye riadha wenzake walikuwa wanauona mgongo wake tu. Kwenye mpira alikuwa anapenya katikati ya ukuta wa mbele, wale wenzake wakubwa wanaomfungulia njia, anawaacha mabeki kama waliofungwa miguu, halafu, mstari wa goli ukiwa pale mbele yake, anageuza shingo, anatazama nyuma na kupunguza mwendo. Beki yeyote, hata mzito, alimfikia na kumwangusha. Ilikuwa hivyo mechi baada ya mechi.

"Hizo ni mbio za riadha," alisema Kocha Satterfield, akimenya karanga za kuchemsha juu ya meza yangu. "Mpe njia yake peke yake, ataruka. Mwekee watu wa kumfukuza, moyo unamtoka."

"Haonekani kama anaogopa, Kocha."

"Anaonekanaje?"

Nikairudisha video. "Kama anatafuta mtu."

"Anamtafuta mama yake." Alikusanya maganda ya karanga kwa kiganja. "Nenda kamwone, Annelle. Kamuulize mwenyewe."

Sikuwahi kutumwa popote. Nilifika shuleni kwake, Harlow Creek, mchana, nikawakuta wapo kwenye mazoezi ya riadha. Pembeni ya uwanja vijana wakubwa wakubwa, wale wale wa ukuta wa mbele, walikuwa wanarusha tufe.

"Huyu ndiye wa chuo?" aliuliza mmoja wao, mnene, mwenye mashavu mekundu. "Mbona kadogo hivi? Huyu hata mimi namshinda mbio."

"Coy, wewe hata basi la shule linakushinda mbio, tena likiwa limesimama," alijibu kijana mwembamba aliyekuwa anakuja huku akivua kofia. Alikuwa Jatavious. "Habari za mchana, mama."

"Niite Annelle tu."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa nimeandaa maswali mazuri njiani. Yote yakapotea, nikajikuta nimeuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini unakamatwa?"

Akatazama viatu vyake. Aliyejibu ni Coy. "Kwa sababu yangu mimi."

Wenzake wakacheka, naye akanieleza. Vijana wa ukuta wa mbele husukumana na kuumizana msimu mzima ili njia ifunguke, lakini majina yao hayatajwi kwenye kipaza sauti. Basi pale Harlow Creek wana desturi yao. Timu ikishaongoza kwa mbali, kijana wa mwaka wa mwisho wa ukuta wa mbele ambaye hajawahi kufunga hupewa mpira aingie nao golini. Ili apewe, lazima kwanza mtu aufikishe mpira karibu na mstari, kisha aangushwe hapo.

"Lazima aangushwe," Coy alikazia. "Akijilaza mwenyewe atakuwa amewatukana wapinzani. Ndiyo maana Tay huyu hutazama nyuma, asubiri mtu afike. Mimi nilipofunga, bibi yangu alipiga kelele mpaka meno yakamtoka."

"Ni ya bandia, mama," Jatavious alisema upesi.

Nilifurahi nikataka kurudi nyumbani saa ile ile. Lakini mimi nilikuwa nimetazama mechi zote mpaka mwisho, na ilikuwepo moja, ya mtoano, dhidi ya Dunmore. Hawakuwa wanaongoza. Walikuwa nyuma, dakika zinakwisha, na goli moja lingewavusha. Jatavious alitoroka peke yake, akageuza shingo, akakamatwa. Msimu ukaishia hapo.

"Na ile ya Dunmore?" niliuliza.

Coy aliokota tufe lake akaenda nalo mbali kidogo.

"Ile sijui, mama," Jatavious alisema.

"Ulitazama nyuma."

"Nilitazama. Labda ni mazoea. Labda niliogopa. Nikilala nadhani nimejua, nikiamka sijui tena." Aliikunja kofia mikononi. "Utamwambia kocha wako?"

Nilimpa mkono, nikaelekea kwenye gari.

Niliporudi niliziweka video mbili kwenye kioo kimoja, moja ya bao la Coy na nyingine ya Dunmore. Shingo ni ile ile na hatua ni zile zile. Mazoea yanaweza kurekebishwa. Woga sikuwa na hakika. Nilitazama mpaka macho yakauma, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kutoelewa. Kocha Satterfield hakuwa ameiona mechi ya Dunmore. Ningeweza kumpa ile desturi tu, nikanyamaza, na kijana angepata chuo.

Nilimwambia yote. Kwenye meno ya bibi alicheka. Kwenye Dunmore akaacha.

"Kwa hiyo ni mazoea?"

"Sijui, Kocha."

"Ni woga?"

"Sijui."

"Nimekupa petroli mpaka kule, uje uniambie hujui."

"Na yeye hajui. Nilimuuliza."

Akainua uso. "Yeye mwenyewe alikwambia hajui? Hakusema alivutwa shati?"

"Hapana."

"Wala kwamba nyasi zilikuwa na maji?"

"Hapana. Alisema labda aliogopa."

Kocha Satterfield aliizungusha karanga moja bila kuimenya. "Tangu nianze kazi hii," alisema, "kila mtoto aliyekamatwa alivutwa shati. Wewe ungempa nafasi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikanyoosha kidole kwenye kioo, Jatavious akiwa amegeuza shingo.

"Haya," alisema, akanisukumia simu. "Mpigie wewe. Akikamatwa msimu ujao, nitakutazama wewe."

Jatavious alipokea. Nilimwambia nafasi ni yake.

"Ulimwambia ya Dunmore?"

"Nilimwambia."

"Yote?"

"Hata ile ya kuogopa."

"Halafu akakubali? Kwa nini, mama?"

Nilimtazama Kocha Satterfield. Alikuwa ameshanipa mgongo, anarudisha video ya Dunmore mwanzo.

"Sijaelewa vizuri," nilisema. "Nadhani hata yeye."

"Sawa, mama," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kwa mkono kabla ya kukikalia. "Sawa. Subiri nimwite mama yangu, umwambie wewe. Mimi hatanielewa."