Mchoro wa Miguu Mitatu

Saa nne asubuhi nilifika shuleni anakofundisha mwenzangu wa chuo nikiwa na fomu moja ndani ya bahasha. Ilihitaji sahihi yake tu. Akiitia, sura aliyoiandika ingeondolewa kwenye kazi yetu ya pamoja, nami Ijumaa ningewasilisha tasnifu peke yangu.

Chuoni tulimwita Penseli kwa sababu alikokotoa kila kitu kwa mkono. Yeye aliniita Dada Mashine. Tulikaa meza moja miaka mitatu, chini ya feni iliyolia kama mlango mbovu, tukishughulika na ulinganifu wa kioo. Jina hilo hukufanya ufikirie uso na taswira yake, lakini maumbo yetu mawili hayakufanana hata chembe. Kilichoyaunganisha ni ajabu moja: swali linalokutoa jasho kwenye umbo la kwanza hujibiwa kwa hesabu nyingine kabisa kwenye pacha wake. Mimi, kwa programu niliyoiandika, nilihesabu mistari iliyopinda iliyomo ndani ya umbo la kwanza. Penseli alikokotoa upande wa pacha. Mwishoni nambari zetu zilipaswa kukutana, daraja baada ya daraja, kuanzia mistari rahisi hadi iliyopinda zaidi.

Daraja la kwanza zilikutana. La pili zikakutana, tukarukaruka mpaka profesa wetu, chumba cha jirani, akagonga ukuta. La tatu zikaachana.

"Labda programu yako ina kasoro," Penseli alisema.

"Kompyuta haisinzii, kaka. Wewe ndiye unayesinzia."

Kwake nilisema kwa utani. Kwa profesa niliyarudia maneno yaleyale bila utani. Penseli alirudia hesabu mara nne, jibu likawa lilelile. Mara ya tano alilifunga daftari, na mwezi uliofuata alikuwa anafundisha sekondari. Kiti chake nilikiwekea mkoba ili mtu mwingine asikikalie. Sasa ni miaka miwili, na kila ninapoona kitu kizuri kwenye hesabu bado nageuza shingo kushoto nimwonyeshe. Nakuta mkoba.

Alikuwa darasani. Nilisimama dirishani. Alikuwa amenenepa kidogo, na kiwiko chake kilijaa chaki. Ubaoni alichora pembetatu ya pande sawa, na mkononi alishika nyingine ya kadibodi, ya kipimo kilekile.

"Naweza kuiweka juu ya mwenzake kwa njia ngapi?"

"Tatu, mwalimu!" alijibu msichana wa mbele. "Unaizungusha tu."

Penseli alimpa kioo cha mfukoni. "Kisimamishe katikati yake. Unaona? Umesahau kuigeuza. Zungusha, geuza, zungusha tena."

"Aa! Sita!"

Darasa likaangua kicheko. "Msimcheke," alisema. "Hilo ni kosa la watu wenye akili."

Programu yangu huivunja hesabu kubwa kuwa michoro midogo ya nukta na vijiti, na thamani ya kila mchoro hugawanywa kwa idadi ya njia ambazo mchoro huo unaweza kujilalia wenyewe. Katika daraja la tatu hujitokeza, kwa mara ya kwanza, mchoro wenye miguu mitatu inayofanana. Niliugawa kwa tatu. Niliuzungusha tu. Sikuwahi kuugeuza.

Kengele ililia, Penseli akatoka.

"Dada Mashine! Umepotea njia?"

"Nimepotea, kaka. Miaka miwili."

Alicheka, kisha akaiona bahasha. "Ile fomu? Profesa alinipigia. Lete haraka, nina kipindi kingine."

Alikuwa ameshatoa kalamu. Ningenyamaza tu, mambo yangeisha palepale.

"Usisaini. Wewe ndiye uliyepata. Mchoro wa miguu mitatu niliugawa kwa tatu."

Aligeuka akatazama ubao kupitia dirisha. Hakucheka.

"Sita," alisema polepole.

"Sita."

"Nilirudia mara nne." Sauti yake haikuwa na hasira, na ningependa iwe nayo. "Mara ya tano sikuuamini tena mkono wangu."

"Nisamehe."

Aliichukua bahasha, akaiegemeza ukutani, akatoa penseli. "Michoro hiyo ilileta kiasi gani?"

Nilimtajia, nakijua kwa moyo. Aligawa kwa mbili, akaitoa nusu hiyo kwenye jumla yangu. Nambari yake ikatokea, tarakimu kwa tarakimu. Alibaki ameishikilia bahasha pale ukutani kana kwamba ingeanguka.

"Leo namwambia profesa," nilisema. "Ijumaa isubiri. Na kiti chako kipo."

"Hakijakaliwa?"

"Na mkoba tu."

Akatabasamu kidogo. "Sijui kama naweza kurudi, dada. Hawa wana mtihani."

"Mwalimu!" wanafunzi waliita kutoka darasa jingine. Alienda. Mlangoni akasimama.

"Daraja la nne unalo?"

"Bado."

"Mimi ninalo." Aliona nilivyoshtuka, akatazama chini. "Nilishindwa kuacha. Sikutajii. Hesabu kwanza upande wako, halafu uje."

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikafungua kompyuta, nikafuta tatu, nikaandika sita.